UZI: Daraja kubwa la reli la mfano ndani ya chumba cha futi 10 kwa 12, Unguja. Tushauriane

#1 Mlandege88

Assalaam alaykum jamaa.

Chumba cha nyuma nyumbani Kikwajuni kimebaki bure tangu dada yangu mdogo aolewe. Futi 10 kwa 12, dirisha moja, mlango kwenye kona. Mama ameridhia nikitumie almuradi nisijaze vumbi la mbao ukumbini.

Ninachotaka ni reli ya mfano inayozunguka chumba, na upande mmoja wa ukuta daraja moja la haja. Nimeshalichagua: lile la Victoria Falls, la chuma, lenye tao moja kubwa juu ya mto Zambezi baina ya Zambia na Zimbabwe. Sitaki la kuweka kabatini. Nataka kichwa cha treni kiburure mabehewa kipite juu, na mimi nisimame pembeni nikitazama.

Nilicho nacho: seti ya Kijapani ya mitumba niliyoichomoa kwenye kontena Saateni. Reli zake zina upana wa milimita 9 kati ya chuma na chuma. Vichwa viwili, kimoja kinakwenda, kimoja kinaguna tu. Mabehewa manane.

Nataka kujua nitumie skeli gani, yaani nipunguze vitu mara ngapi, nijenge kwa kitu gani, na hii hewa yetu ya chumvi nitaifanyaje. Michoro ya daraja ninayo kiasi.

#2 MtaniWaChumbuni

Yakhe una mke? Maana nakuona unaelekea kuzeeka na kitreni.

#3 Mlandege88

Sina bado. Kama una dada, mwambie kuna chumba kimejaa.

#4 MgeniHamburg

Wa alaykum salaam. Mimi mtoto wa Vikokotoni, sasa niko Ujerumani. Hapa Hamburg kuna Miniatur Wunderland, imefunguliwa 2001, reli zake zimeshapita kilomita 16 zote za kipimo cha 1:87. Huko ndani utawakuta wazee wa miaka 70 wameinamia kioo na hakuna anayewauliza habari za mke. Mtani, pumzika.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana daraja lako ndilo litakalokuchagulia skeli.

Lile daraja la kweli lina tao la mita 156.5, urefu wote mita 198, na sakafu yake iko mita 128 juu ya maji. Ukienda 1:87, ndiyo skeli maarufu kuliko zote duniani, ambayo reli yake ni milimita 16.5, tao litakuwa mita 1.80, daraja zima kama mita 2.28, na kimo mita 1.47. Ukuta wako mrefu una mita 3.66. Utabakiwa na mita moja na kitu, ugawe pande mbili kwa ajili ya kona. Kona za 1:87 zinataka nusu kipenyo cha sentimita 36 kwa uchache, na vichwa virefu havitaki hata hiyo, vinataka 45 na zaidi. Utaingia, lakini utabanwa.

Na vichwa vyako vya Kijapani vya milimita 9 utavitupa? Hivyo vimetengenezwa kwa 1:150. Kwa skeli hiyo daraja linakuwa tao la mita 1.04 na kimo cha sentimita 85. Linaingia vizuri sana, ila ulisema unataka la haja.

Nipe siku nifikirie.

#5 MzeeWaBaraza

Mwanangu Mlandege, hongera kwa fikra hiyo. Lakini niruhusu nikuulize: unakwenda Zambezi kutafuta nini, na reli ilikuwa mlangoni kwako?

Vijana wengi hamjui kuwa Unguja ilikuwa na gari la moshi, na si mara moja. Ya kwanza ni ya Seyyid Barghash, mwaka 1879, kutoka mjini kwenda kwenye jumba lake Chukwani. Njia nyembamba ya futi mbili, na mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadaye ndipo likaja gari la moshi dogo kutoka Uingereza. Alipofariki Seyyid Barghash mwaka 1888 nayo ikafa.

Ya pili ndiyo ya Bububu. Kampuni ya Kimarekani ya New York, Arnold, Cheney & Co., ndiyo iliyoijenga, ikaanza kwenda 1905. Maili saba, kiasi cha kilomita 11, upana wa futi tatu. Ilianzia pale Ngome Kongwe, ikakatiza vichochoro vya Mji Mkongwe karibu mno na milango ya watu, kisha ikashika njia ya kaskazini. Serikali iliinunua 1911, abiria wakaachwa kupakiwa 1922, baada ya hapo ikabaki kubeba mawe mpaka ikang'olewa. Leo ukipanda daladala ya 502 unakwenda kulekule ilikokuwa ikienda.

Zipo picha za gari hilo likipita baina ya nyumba, watu wamekaa barazani miguu wameikunja. Hiyo ndiyo reli ya kujengwa na kijana wa Kikwajuni.

#6 Mlandege88

Shikamoo mzee wangu. Habari za Bububu ninazo kidogo, nimeziona hizo picha. Shida yangu moja: ile njia haikuwa na daraja kubwa. Na mimi kilichonishika ni daraja. Treni kwangu ni sababu ya daraja kuwepo, sijui kama nimeeleweka.

#7 MzeeWaBaraza

Marahaba. Umeeleweka, na bado nasema Bububu.

#8 MtaniWaChumbuni

Mzee hatoki hapo. Mimi nilikuwa sijui kama Chukwani kulikuwa na reli, wallahi. Endeleeni.

#9 MgeniHamburg

Nimerudi, na nina habari ya kuwapatanisha.

Chukua kalamu. Reli ya Bububu ilikuwa futi tatu, yaani milimita 914. Gawa kwa 9, ambayo ndiyo reli ya seti yako. Unapata kiasi cha 101.6. Kwa maana nyengine, ukijenga kwa kipimo cha 1:100, zile njia zako za Kijapani zinakuwa karibu kabisa na njia ya Bububu. Tofauti ni milimita 14 za kweli, ambazo kwenye mfano ni sehemu ya saba ya milimita moja. Hata fundi saa haioni.

Kinachobaki ni kuvua bodi la juu la treni ya Kijapani, ubaki na mota na magurudumu, kisha ujenge bodi lako la kadibodi au plastiki kwa umbo la gari moshi la zamani. Wenzetu wanaojenga reli nyembamba za Ireland za futi tatu wanafanya hivyohivyo miaka mingi.

Na uzuri wa 1:100 ni kwamba ndiyo skeli ya wachora nyumba. Ramani yoyote ya jengo iliyochorwa 1:100 unaibandika juu ya kadibodi na kukata, bila ya kikokotoo. Kichochoro cha mita mbili kinakuwa sentimita mbili.

Daraja la Victoria Falls kwa 1:100? Tao mita 1.57, urefu wote mita 1.98, kimo mita 1.28. Hilo ni daraja la haja na linaacha nafasi ya kona, maana reli za milimita 9 zinakubali nusu kipenyo cha sentimita 28 bila ya kununa. Njia ya pale Zambezi ni milimita 1067, sawa na ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa hiyo reli yako itakuwa nyembamba kidogo kuliko inavyotakiwa. Mimi ningelifumbia jicho.

Kuna jambo jengine linanifurahisha: daraja lile na reli ya Bububu ni rika moja. La Victoria Falls lilifunguliwa Septemba 1905, mwaka uleule wa Bububu.

#10 Mlandege88

Subhanallah. 1:100 sikuifikiria kabisa. Yaani upande mmoja wa chumba Malindi ya Mji Mkongwe, upande wa pili Zambezi?

#11 MzeeWaBaraza

Gari likatoka Ngomeni likafika Zambezi kabla ya Bububu. Haya, dunia yako.

#12 BintiWete

Nimefuata uzi huu kimya, sasa nimeshindwa. Mimi ni mwalimu wa fizikia skuli moja huku Wete. Pemba reli hatuna, lakini madaraja tunajenga kila mwaka na kidato cha tatu, kwa vijiti vya mishkaki na gundi nyeupe ya mbao.

Kaka Mlandege, kabla ya tao nakushauri uanze na kenchi ya kawaida, iliyonyooka, hata ya sentimita 40, ujifunze fimbo gani inavutwa na ipi inabanwa. Fimbo inayovutwa haina matata. Unaweza hata kuiondoa ukaweka uzi au waya, na daraja likasimama. Fimbo inayobanwa ndiyo yenye hila: haivunjiki kwa kukosa nguvu, inapinda kwanza kwa sababu ya urefu. Ukiifanya ndefu mara mbili, uwezo wake wa kustahimili kubanwa unashuka mpaka robo. Ndiyo maana kwenye kenchi ya Pratt, ya Marekani ya 1844, fimbo fupi za wima ndizo zinazobanwa, na zile ndefu za mshazari zinavutwa. Kenchi ya Howe ni kinyume chake: mishazari inabanwa. Wanafunzi wangu wakijenga zote mbili kwa vijiti vilevile, ya Howe hulia mwanzo pale kwenye mshazari mrefu.

Kuna zoezi moja nalipenda kuliko yote na halitaki gundi. Mwaka 1887 Benjamin Baker, mhandisi wa daraja la Forth kule Scotland, alitaka kuwaonyesha watu wa London namna daraja lake linavyobeba mzigo. Akakalisha watu wawili juu ya viti, mikono wameinyoosha huku wameshika fimbo zinazoegemea vitini, na katikati yao akaning'inia kwenye kibao mhandisi wa Kijapani, Kaichi Watanabe. Nyuma ya kila aliyekaa kulikuwa na rundo la matofali la kumvuta asianguke mbele. Sisi tunatumia mifuko ya mchanga. Mtoto anayekaa katikati hucheka, wale wawili wa pembeni wanasema mikono inawavuta na fimbo zinawasukuma, na somo limeshaingia bila ya mimi kuandika ubaoni.

#13 KenchiMaster

Mwalimu umenena. Mimi fundi wa mapaa, Mwanakwerekwe. Kenchi nazijua kwa mkono, majina ya hao Wamarekani ndiyo nayasikia leo.

Naongeza ya kifundi.

Vijiti vya mishkaki ni mwanzi, vizuri kwa nguvu lakini vichague. Mimina pakiti nzima mezani, viviringishe kimojakimoja, kinachoyumba kiweke kando. Na vitazame kama vina tundu ndogo na unga mweupe, hivyo vimeshaliwa na bungua, ukivitia ndani ya daraja utawakaribisha wageni wa kula daraja zima.

Viungo. Msigandishe ncha kwa ncha mkategemea gundi. Kata vibati vidogo vya kadibodi ngumu, gandisha kila upande wa kiungo, kama tunavyopiga sahani za plaiwudi kwenye kenchi za mbao. Ndivyo na madaraja ya chuma yalivyo, tazama picha yoyote utaona vibati vimejaa ribiti. Gundi nyeupe, si supagluu. Supagluu inakauka kama kioo, daraja likigongwa kidogo inaachia.

Tao sasa. Usichonge tao kutoka ubao mmoja, litakatika pale uzi wa mbao unapokwenda mkingamo. Pasua vibanzi vyembamba vya milimita moja au mbili, chora tao lako kwa ukubwa wake juu ya plaiwudi, piga misumari kufuata mchoro, kisha panga vibanzi kimoja juu ya chengine na gundi katikati, bana kwa vibanio vya nguo. Kesho yake ukikitoa hakirudi nyuma. Vibanzi vya mfenesi vinakubali kupindwa, mninga una kiburi.

Na jambo watu wanalisahau: miguu ya tao inasukuma nje. Kule Zambezi inasukuma mwamba. Kwako itasukuma nini? Lazima upige ubao mzito chini unaounganisha pande mbili, au magati mawili yaliyofungwa ukutani kwa boliti, la sivyo tao litajinyoosha polepole na sakafu itabonyea katikati.

#14 Mlandege88

Fundi, nilikuwa natarajia kujenga kutoka pande mbili zikutane katikati, kama walivyofanya wenyewe. Nimesoma kuwa chuma kilitengenezwa Darlington, Uingereza, kikaletwa kwa meli hadi Beira, na kila nusu ilishikiliwa nyuma kwa kamba za waya zilizofungwa kwenye mwamba mpaka walipokutana Aprili 1905.

#15 KenchiMaster

Kwa raha yako fanya. Lakini ujue nusu iliyoning'inia na tao lililokamilika ni wanyama wawili tofauti. Nusu ikiwa hewani, fimbo za juu zinavutwa. Zikishakutana na ukalegeza kamba, mzigo unahamia kwenye tao na linabanwa lote. Viungo vyako vya juu lazima vistahimili siku hiyo moja tu, kisha vinapumzika maisha.

Mimi ningelijenga mezani, ningelipandisha zima.

#16 BintiWete

Hapo nakataa, fundi wangu. Alijenge kutoka pande mbili, arikodi kwa simu, nitawaonyesha wanafunzi. Kamba anaweza kutumia mshipi wa kuvulia.

Halafu nataka kuonya kuhusu jambo moja, kwa sababu najua litatokea. Daraja likishasimama utalikalisha kopo la rangi juu yake, halitatikisika, na mtu atasema "basi la kweli nalo lingejengwa kwa mbao". Hapana. Ukipunguza kitu mara 100, unene wa fimbo zake kwa eneo unapungua mara 10,000, lakini uzito unapungua mara 1,000,000. Kwa hiyo mfano unajibeba kwa urahisi mara 100 kuliko daraja lenyewe kama vingekuwa vya kitu kimoja. Ndiyo sababu mfano hauthibitishi chochote kuhusu daraja kubwa mpaka uuongezee mzigo wa makusudi.

Kwako hii ni habari njema. Treni yako nzima, kichwa na mabehewa manane, haiwezi kufika hata kilo. Nguvu si tatizo lako. Tatizo lako ni kunyooka: sakafu ikipanda na kushuka milimita mbili tatu, behewa linaruka reli.

#17 Nyaya_na_Volti

Zamu yangu. Natengeneza redio na simu Darajani, na treni hizi nimeshazifungua kadhaa za wateja.

Kwanza kwanza: reli zipate volti 12 za DC, umeme kama wa betri, basi. Kuna mtu aliniuliza kama anaweza kuunga moja kwa moja kwenye soketi "kwa sababu treni ya Dar nayo inatumia umeme". Ile ya SGR inatumia volti 25,000 kutoka waya wa juu, na wewe soketi yako ya volti 230 inatosha kukuua. Tumia transfoma yenye fyuzi, na baada yake kile kibodi kidogo cha kupunguza na kuongeza mwendo wa mota ya DC. Adapta ya laptopu ya volti 19 usiiguse, mota hizi zitachemka.

Umeme ukikatika, betri ya pikipiki ya volti 12 inafanya kazi nzuri mno. Kichwa kimoja kinakula kiasi cha robo ya ampea, hivyo betri ndogo inakupeleka usiku mzima. Weka fyuzi karibu na betri, kwa sababu betri ikipigana shoti haina huruma.

Sasa chumvi. Chukua sumaku, ipitishe juu ya reli zako. Ikinasa, ni chuma, na Kikwajuni chuma kitaota kutu kabla hujamaliza Malindi. Isiponasa na rangi ni nyeupe, hiyo ni nikeli silva, shukuru Mungu. Zikiwa za manjano ni shaba ya manjano, hazioti kutu lakini zinapata utando mweusi usiopitisha umeme na utakuwa unafuta kila siku.

Kwa vyovyote, usitegemee vile viungio vya chuma baina ya reli na reli kupitisha umeme. Ndivyo vya mwanzo kuharibika. Lehemu waya mwembamba chini ya kila kipande cha reli, zote zishuke kwenye nyaya mbili nene zinazozunguka chini ya meza. Ni kazi ya kuchosha mgongo, ila ukiifanya mara moja treni haitasimama tena nusu njia.

Kusafisha: spiriti na kitambaa cha pamba. Msasa kamwe. Msasa unaacha mikwaruzo, uchafu unajificha humo.

#18 MgeniHamburg

Naongeza kwa Nyaya: huku wanasema reli hutanuka kwa joto. Kweli hutanuka, lakini ndani ya chumba ni kidogo. Adui mkubwa ni ubao wenyewe. Plaiwudi ikinywa unyevu wa masika inavimba, kaskazi likipiga inasinyaa, na reli zilizogandishwa juu yake zinapinda. Paka plaiwudi rangi pande zote mbili na kwenye kingo, kabla ya kulaza reli. Kingo ndizo zinazokunywa zaidi.

#19 MtaniWaChumbuni

Nina shemeji anafanya madirisha ya alminiamu. Vipande vya mabaki vimejaa uwani kwake, vile vya pembe, vya futi mbili, futi tatu. Kwa fremu ya meza haviwezi kufaa? Chumvi haiviwezi.

#20 KenchiMaster

Vinafaa kuliko mbao! Mtani leo umesema.

#21 MtaniWaChumbuni

Nilikwambieni nasoma.

#22 BintiWete

Habari za mandhari, kwa kuwa hakuna aliyezigusa. Usichukue mchanga wa pwani ukaumwaga moja kwa moja kuwa kokoto za reli. Una chumvi, na chumvi huvuta unyevu, mtapoteza kazi yote ya Nyaya. Uoshe kwa maji ya mfereji, ukauke juani, uoshe tena, kisha uchekeche.

Majani: unga wa msumeno uliotiwa rangi ya maji, kijani mbili tatu tofauti, si moja. Makumbi ya nazi yakichambuliwa ni nyasi ndefu nzuri. Na kutoka Pemba nakupa siri: makonyo ya karafuu. Makonyo makavu yana matawi madogo yaliyopangwa vizuri kuliko plastiki yoyote ya dukani. Chovya gundi, nyunyizia unga, unapata mti. Yaliyobaki pakia kwenye mabehewa yawe magogo. Chumba kitanukia, mama hatagombana nawe.

Kwa majabali ya bonde la Zambezi, lile povu gumu jeupe linalokuja na friji. Likate kwa kisu kwa tabaka, gandisha kwa gundi nyeupe. Gundi kali na rangi ya kupulizia zinaliyeyusha, kwa hiyo lipake kwanza karatasi na gundi juu.

#23 Mlandege88

Nimepigwa na butwaa. Nilidhani nitapata majibu mawili na matusi.

Nimechora. Ukuta mrefu wa kaskazini ni Zambezi. Kwa kuwa kimo ni mita 1.28, maji ya mto yatakuwa sakafuni kabisa na reli yote itazunguka chumba kwa urefu wa kifua. Ukuta wa kusini ni mji: Ngome Kongwe, Forodhani, Beit al-Ajaib na mnara wake wa saa, kisha vichochoro vya Malindi. Nimeweka na ule mnara mrefu wa taa mbele ya jumba, kama kwenye picha za zamani.

Mlango uko kwenye kona ya kusini mashariki, ndiyo unaonitesa.

#24 MzeeWaBaraza

Mwanangu, ngoja. Mnara ule wa mbele uondoe. Uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na jumba lilipotengenezwa tena saa ikatiwa kwenye mnara wa jumba lenyewe, kwa mbele. Gari la Bububu halikuukuta ule wa taa. Ukiweka vyote viwili pamoja, utakuwa umejenga mji ambao haukuwahi kuwapo.

Na kama utajenga Beit al-Ajaib, lijenge zima. Tangu lilipoanguka upande mmoja Disemba 2020, sisi wengine tunalihitaji lionekane zima mahali fulani, hata kwa kadibodi.

Forodhani vilevile isiwe bustani ya leo yenye vibanda vya pweza.

#25 Mlandege88

Mnara nimeufuta, mzee. Beit al-Ajaib litakuwa zima inshallah.

#26 MtaniWaChumbuni

Mzee ana haki ya kuwatoza nyie ada. Hivi gari la 1905 linapita Zambezi na hilo hamuulizi?

#27 MgeniHamburg

Hilo tumeshalisamehe kwenye #9.

Mlandege, mlango ni jambo la kawaida. Kipande cha njia kinachokatiza mlangoni kifanye cha kutoa. Ubao wa sentimita 80 au 90 wenye pini mbili kila upande ili urudi palepale kila mara, na swichi inayokata umeme kwenye reli za pande zote mbili ukishautoa. Bila ya swichi hiyo, siku moja kichwa kitatoka mbio na kuanguka kutoka urefu wa kifua mpaka sakafuni, na hivyo vya Kijapani haviokoki. Ubao huo uweke bapa. Mteremko uache kwa kuta nyengine, na usizidi sentimita mbili kwa kila mita.

#28 KenchiMaster

Kipande cha mlangoni mimi ningekifanya nacho daraja. Kenchi fupi kama ya mwalimu, ile ya kuanzia ya kujifunza. Inakuwa nyepesi kuinua na imenyooka.

#29 BintiWete

Sentimita 90 kwa Pratt, gawa vyumba kumi, yaani nafasi kumi sawa baina ya fimbo za wima. Mishazari ielekee katikati chini. Ukimaliza, kabla ya kutia reli, laza ubao mwembamba juu na mzigo wa kilo moja katikati, uache mpaka asubuhi, kisha pima kwa rula kama imebonyea.

#30 Mlandege88

Nitaanza na hiyo ya mlangoni basi. Mtani, vile vipande vya alminiamu nije lini kuvichukua? Na Nyaya, kile kichwa kinachoguna, kina maana?

#31 MtaniWaChumbuni

Njoo Jumamosi baada ya laasiri. Njoo na rula, shemeji hapendi mtu anayechagua kwa macho.

#32 Nyaya_na_Volti

Fungua bodi, mnyime reli, mpe mota peke yake volti tisa za betri. Ikizunguka vizuri, mota ni nzima na gia ndizo zilizokauka grisi. Miaka ya kukaa kwenye kontena hugeuza grisi kuwa gundi. Zitoe, zioshe kwa spiriti, rudisha kwa tone la mafuta ya cherehani, tone kweli, si kumimina. Isipozunguka niletee dukani, ila usikiuze. Hicho ndicho utakachokivua bodi ukakitengenezea gari la Bububu.

#33 MzeeWaBaraza

Hapo sasa.

#34 Mlandege88

Mota imezunguka. Naenda kutafuta spiriti.